Kiingilio

Nilikwenda na risasi mfukoni.
Si ya bunduki: kidonge cha risasi, bapa, kizito,
kilichogandamana na udongo chini ya sakafu ya jikoni
nilipokuwa natafuta bomba linalovuja.
Upande mmoja kina ua la mbaruti,
upande wa pili herufi zilizolambwa na miaka.

Mlangoni alikuwapo Leuntje, jirani yangu wa nyumba ya nne.
Jumanne na Alhamisi hujitolea pale.
"Nimekuletea kitu," nikamwambia.
"Vizuri, Krijn. Kiingilio ni yuro sita."
"Hata kwa anayeleta?"
"Hata kwa anayeleta. Wazee, tano."
Nikatoa tano.

Miaka sabini na miwili nimeishi hatua mia mbili kutoka mlango ule
na sikuwahi kuuvuka.
Nani huzuru chumba chake mwenyewe?
Niliyaacha makumbusho yawe ya wageni,
wale wanaokuja kwa baiskeli, wakala kaukau,
wakauliza bahari iko wapi.

Chumba cha kwanza ni cha sufu.
Waskoti walishusha hapa marobota, ngozi, samaki wa chumvi,
wakapakia vigae, vitunguu, na mvinyo wa watu wengine.
Katika daftari la bandari, karani ameandika
kwa mwandiko wa miguu ya nzi:
*magunia arobaini, mawili yameloa, moja halionekani.*
Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyokusudia.
Moja halionekani.
Lililala kwa nani? Lilimvika nani?

Chumba cha pili, mizani.
Mawe ya shaba yamepangwa, kubwa hadi dogo,
kama watoto wa nyumba moja wakipigwa picha,
na moja limetengwa:
limetobolewa tumboni, likajazwa nta,
likazibwa kwa shaba nyembamba kama ganda la yai.
Lilipima na kupima,
na kila mnunuzi akarudi kwake na upungufu asiouona.
Leuntje alikuwa amenifuata. "Huyu alikuwa wa kwetu,"
akasema, kidole kwenye jina.
Hakuona haya. Akapangusa kioo kwa mkono wa sweta
pale pumzi yangu ilipoacha ukungu.

Ghorofani ngazi zinalia.
Huko ndiko iliko bahari:
chupa ya soda, kizibo cha gome, karatasi iliyofifia.
*Maji ya chumvi ya mwisho, siku ukuta ulipofungwa.
N., miaka kumi na mmoja.*
Maji hayamo. Yamepenya kizibo mwaka baada ya mwaka,
yakaacha ukoko mweupe ubavuni,
kiasi cha kuungia yai moja.

N. ni Neeltje.
Siku ile nilimshika miguu ajiinamie gatini,
nami nikalalamika kwamba soksi zake zinanuka kome.
Wiki chache baadaye kome wenyewe walifunua midomo,
maji yalipogeuka matamu,
na mji ukanuka hadi majani yakapukutika.
Baba aliuza mashua. Neeltje akaolewa Kanada.
Alipofariki, mwanawe alinitumia saa na miwani.
Chupa hakuna aliyenitajia.

Sikumwambia Leuntje.
Au alijua, ndiyo maana hakupanda ngazi.

Chini, aliiweka risasi yangu kwenye mizani ya jikoni,
ile ya kupimia unga.
Gramu kumi na tisa.
"Hii haidanganyi?" nikamuuliza.
"Betri zikiisha," akasema.
Akaandika namba. Akaandika jina langu.
Akaniuliza nilizaliwa mwaka gani, ni kwa ajili ya fomu tu.
Nikaiona kalamu: mwaka, kistari,
kisha nafasi tupu.

Akanipa risiti ya yuro tano, na mwavuli wa mtu aliyeusahau.
Nyumbani nilikuta sufuria chini ya sinki imejaa.
Bomba bado linavuja.